Si Kila Damu ni Bawasiri

Habari ninayotaka kuwaeleza mwezi huu si ya mezani. Ni habari ya chooni, na katika nyumba zetu habari za chooni hazisemwi. Mke hamwambii mume, mama hamwambii binti, na mgonjwa akifika hospitali huanza kwa kusema kuwa kichwa kinamuuma. Nimekuwa muuguzi hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 20, na nimeona jinsi aibu hiyo inavyowafikisha watu wodini wakati ugonjwa umekwisha kuenea. Mimi mwenyewe nimepita katika njia hiyo na Mungu amenibakiza. Kwa hiyo nimeona niseme waziwazi: mwaka 2022, nikiwa na umri wa miaka 44, nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Urefu wake ni kama mita moja na nusu, na kazi yake kubwa ni kufyonza maji na kukiandaa choo kabla hakijatoka. Kwa watu wengi, saratani ya mahali hapo haizuki ghafla. Huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, ambacho wataalamu hukiita polipu. Vinyama vingi havina madhara, lakini baadhi yake hugeuka polepole na kuwa saratani. Safari hiyo mara nyingi huchukua miaka kumi hivi.

Naomba usome tena sentensi hiyo, kwa sababu ndiyo yenye tumaini. Ugonjwa unaochukua miaka kumi kukomaa ni ugonjwa unaotupa nafasi. Kinyama kikionekana mapema hukatwa kwa kifaa kinachopita ndani ya kamera ya utumbo, mgonjwa hapasuliwi tumbo, na jioni anaweza kurudi nyumbani.

Tukichelewa, mambo ni mengine. Mwaka 2022 peke yake, watu zaidi ya 1,900,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana, na zaidi ya 900,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Katika saratani zote, hiyo ni ya pili kwa kuua. Wala si ugonjwa wa wazee tu. Jirani zetu wa Kenya wanamkumbuka Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliyejitokeza hadharani mwaka 2019 kusema kwamba anaugua saratani hiyo na kwamba imekwisha kufika mbali. Alifariki Julai mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 41.

Dalili zilivyonijia

Kwangu mimi dalili ya kwanza ilikuwa damu. Haikuwa ile inayodondoka baada ya choo, kama mwenye bawasiri anavyoifahamu. Hii ilikuwa imechanganyika na choo chenyewe, nayo ilikuwa nyekundu iliyokoza. Wiki hiyohiyo nilikwenda katika kituo kimoja cha matibabu. Nilipewa dawa ya kupaka ya bawasiri bila kupimwa wala kuguswa. Baada ya siku kumi na tano damu ilikuwa palepale, nikaenda kituo kingine. Hapo walipima wingi wa damu wakakuta 7.8, wakati mwanamke mzima hutegemewa awe na 12 au zaidi. Niliambiwa kwamba ni hedhi, nikapewa vidonge vya madini ya chuma.

Akina mama, hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea. Mwanaume akipungukiwa na damu, watu huuliza inapotokea. Mwanamke akipungukiwa na damu, jibu huwa tayari: hedhi, uzazi, lishe. Lakini mimi nilikuwa naijua hedhi yangu, na haikuwa imebadilika. Tena choo kilikuwa kimeanza kuwa chembamba, na kila nilipotoka nilihisi bado sijamaliza.

Sikuridhika. Nilimwendea daktari wa tatu nikamwomba anipime kwa kidole. Ndiyo, kwa kidole chenye glavu, katika njia ya haja kubwa. Kipimo hicho hakihitaji mashine, huchukua dakika moja, na hata zahanati yenye daktari au tabibu inaweza kukifanya. Kidole hakikuufikia uvimbe, lakini glavu ilitoka na damu. Daktari aliitazama, akakaa, akaniandikia barua ya kwenda KCMC, Moshi, kwa kipimo cha kamera.

Safari ya Moshi

Tulipanda basi mimi na mume wangu. Tukapita Muheza penye machungwa, Segera, Korogwe, Mombo, Same. Siku iliyotangulia kipimo nilikunywa vitu vya majimaji tu pamoja na dawa ya kusafisha tumbo. Naeleza hili kwa sababu watu wanaogopa kamera kuliko inavyostahili. Kazi kubwa ilikuwa kwenda chooni usiku kucha. Kamera yenyewe ni mpira mwembamba unaopinda. Nilichomwa dawa ya kunituliza, na nilipozinduka kazi ilikuwa imekwisha. Walikuta uvimbe karibu na mwisho wa utumbo mpana. Walichukua kipande kidogo kwenda kukipima maabara, na majibu yalisema ni saratani.

Nilipasuliwa mwezi Machi 2022. Madaktari walikata sehemu ya utumbo yenye uvimbe pamoja na matezi yaliyo jirani nayo, wakaunganisha pande mbili zilizobaki. Kwa kuwa kiungo kilikuwa chini sana na kilihitaji kupumzika mpaka kipone, walitoa nje sehemu ya utumbo mdogo kupitia tundu upande wa kulia wa tumbo langu. Choo kikawa kinatokea hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Walinieleza mapema kuwa tundu ni la muda, na mume wangu alikuwapo wakati wakieleza. Hata hivyo, kuelezwa ni jambo moja na kuamka ukaliona kwenye mwili wako ni jambo jingine.

Siku ya pili wauguzi waliniinua nikatembea hatua kumi huku nimeshika kidonda kwa mto. Nilikuwa nimewaambia wagonjwa maneno hayo miaka yote: inuka, tembea, pumua kwa nguvu, damu isigande miguuni na mapafu yasijae. Siku hiyo nilijua uzito wake.

Majibu ya maabara yalionyesha kwamba saratani ilikuwa imeanza kuingia katika matezi mawili, ila haikuwa imefika kwenye ini wala mapafu. Hiyo huitwa hatua ya tatu kati ya nne. Kama ningeridhika na ile dawa ya kupaka mwaka mzima, sidhani kama ningekuwa naandika leo.

Maisha na mfuko

Nilikaa na mfuko huo miezi minane. Napenda kuueleza vizuri, maana wapo wanaokataa upasuaji kwa sababu yake, na wapo wanaoishi nao wamejifungia chumbani.

Choo cha tundu la namna yangu ni chepesi, na hutoka wakati wowote. Kikigusa ngozi huiunguza. Nilijifunza kupima tundu na kukata kibandiko kilingane nalo kabisa, kisibaki hata upenyo. Mifuko haikupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa hapa mjini; ndugu walikuwa wakiinunua Dar es Salaam na kuituma kwa basi. Kwa joto letu la pwani, jasho huachisha gundi. Nilishona mkanda wa kanga laini wa kuushikilia mfuko, na niliubadilisha asubuhi na jioni. Tena mwili ulikuwa ukipoteza maji na chumvi nyingi, kwa hiyo nilikunywa maji ya chumvichumvi, yale ya kuharisha, na uji uliotiwa chumvi kidogo. Mwenye tundu la utumbo mdogo akipuuza maji huweza kuzidiwa kwa siku moja.

Mume wangu alijifunza kubadilisha mfuko kabla mimi sijaweza kuutazama bila kulia. Usiku wa kwanza nyumbani ulivuja, shuka zote zikalowa. Aliwasha taa, akaleta beseni, akaniambia, "Mama watoto, tulipozaa hukunificha damu. Na hili usinifiche." Sikuwa na la kujibu.

Nilirudi nyumbani mwezi wa Ramadhani. Jirani yangu mmoja, mama wa Kiislamu ambaye watoto wetu wamekua pamoja, alikuwa akipika futari ya nyumbani kwake, na uji wangu aliutenga kwanza. Alikuwa na swaumu mchana kutwa, lakini kikombe changu kilifika kabla yeye hajafungua. Hivyo ndivyo Tanga yetu ilivyo, nami namshukuru Mungu kwa majirani.

Kanisani niliogopa zaidi kuliko hospitali. Mfuko hutoa sauti, na huwezi kuizuia. Nilianza kukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Jumapili ya pili mama mchungaji alikuja akakaa pembeni yangu. Kila mfuko ulipounguruma, yeye alikohoa. Hakusema neno, wala mimi sikusema. Jumapili ya tatu nilihamia benchi la katikati.

Dripu na baridi

Baada ya kidonda kupona nilianza dawa za kuua chembe za saratani zilizobaki. Nilipata awamu nane, kila awamu wiki tatu: siku ya kwanza dripu, kisha vidonge kwa wiki mbili, kisha wiki ya kupumzika. Nywele zangu hazikuisha, kama watu walivyotazamia. Lililonisumbua ni baridi. Baada ya dripu sikuweza kugusa kitu cha kwenye friji, na maji baridi yalinichoma kooni kama sindano. Vidole vikawa na ganzi, kufunga kifungo cha sare ikawa kazi. Fikiria mwezi wa Septemba hapa pwani, dafu baridi liko mbele yako, na unaomba wakupashie maji moto!

Dawa zilikwisha Oktoba 2022. Novemba nilirudi Moshi, tundu likafungwa na utumbo ukarudishwa ndani. Miezi ya kwanza nilikwenda chooni mara nane, hata kumi kwa siku. Taratibu zikapungua zikawa tatu. Nilirudi kazini mwaka 2023, mwanzoni kwa zamu za mchana tu. Tangu hapo nimeendelea kupimwa damu, picha na kamera kwa tarehe nilizopangiwa, na hadi ninapoandika haya saratani haijaonekana tena. Sisemi nimeshinda. Nasema nimepewa muda, na nautumia.

Ndugu wa damu moja

Jambo lililonigusa kuliko yote daktari alilisema siku ya kuniruhusu. Aliuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuugua hivi. Nikamkumbuka mama. Alifariki kule Pangani mwaka 1996, tumbo likiwa limevimba, amekonda, na amepata choo cha damu kwa muda mrefu. Hakupimwa. Wengine walisema ameliwa na watu. Sijui mama aliugua nini, na sasa haiwezekani kujua. Lakini daktari alisema kwamba ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, pamoja na watoto wake, wako katika hatari kubwa kuliko watu wengine. Hushauriwa kupimwa kwa kamera wakiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao mgonjwa aligunduliwa, utakaotangulia. Kwetu sisi hesabu inakuwa miaka 34.

Tuko watatu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka 39. Nilipomweleza alicheka, kisha akakasirika. "Dada, mimi mwanaume mzima niingizwe kamera huko? Na choo changu kizuri?" Nilimwambia kwamba kamera haiulizi mwanaume wala mwanamke. Tulibishana miezi mitano. Mwishowe aliyemshinda si mimi, ni mke wake. Wifi yangu alimwambia, "Kama unaona aibu mbele ya daktari, fikiria watoto wako watakavyosimama mbele ya jeneza." Alikwenda mwaka 2023. Walimkuta na vinyama viwili. Vyote vilikatwa palepale, na kimoja maabara walisema ni cha aina inayoweza kugeuka saratani. Hakuhisi maumivu, hakuwa na dalili, hakupasuliwa, na kesho yake alikuwa njiani kurudi Tanga. Mimi nilikaa miezi minane na mfuko. Yeye alikosa siku nne za kazi. Tofauti kati yetu ni kupima mapema, basi.

Dada yetu mkubwa bado anakataa. Ana miaka zaidi ya hamsini, na anasema lililoandikwa limeandikwa. Ninamwombea, na kila nikienda kumsalimu namuuliza habari za choo chake. Ananiita mwehu, lakini siku hizi ananijibu.

Tufanye nini?

Kwanza, angalia choo chako. Katika vyoo vyetu vya shimo, na kwa kuwa tunatawaza kwa maji, damu inaweza kupita bila kuonekana kwa miezi. Tumia karatasi nyeupe mara mojamoja, utazame. Mfundishe na mumeo.

Pili, damu ikionekana, usijipe jina la ugonjwa. Inaweza kuwa bawasiri kweli, inaweza kuwa amiba, inaweza kuwa jambo jingine. Lakini usikubali kuitwa mwenye bawasiri na mtu ambaye hajakupima. Omba upimwe kwa kidole. Dawa ikiisha na damu ingali ipo, rudi tena, na omba rufaa.

Tatu, zijue dalili nyingine: choo kilichobadilika kwa zaidi ya wiki tatu au nne, kuwa kigumu au chepesi au chembamba, tumbo kusokota, kukonda bila sababu, na upungufu wa damu usioeleweka, hasa kwa mwanaume na kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi. Dalili hazingoji umri.

Nne, hata asiye na dalili apimwe. Kipo kipimo cha choo cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Unapeleka choo kidogo tu maabara. Si kipimo cha fahari, lakini kina nguvu. Utafiti uliofanyika Minnesota, Marekani, kwa watu zaidi ya 46,000, na kutangazwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba waliopimwa choo kila mwaka na kufuatiliwa kwa kamera walipungukiwa na vifo vya saratani hii kwa theluthi moja. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi hiyo walishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45. Ulizia kipimo hicho katika hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Majibu yakionyesha damu, usikae nayo. Kamera ndiyo itakayosema ukweli.

Tano, tuheshimu chakula chetu. Dk. Denis Burkitt, aliyefanya upasuaji Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani hii ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini, akahusisha hali hiyo na vyakula vyao vyenye makapi mengi. Dona, maharage, kisamvu, matembele, mchicha na machungwa ya Muheza si vyakula vya kimaskini. Soseji za kila siku ndizo za kuogopa. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama za viwandani za namna hiyo zinasababisha saratani ya utumbo mpana. Lakini msidanganyike: mimi nimekula kisamvu maisha yangu yote. Chakula hupunguza hatari, hakifuti haja ya kupimwa.

Wapo wanaosema kwamba kupima ni kukosa imani. Mimi nimeomba, nimeombewa, na nimepasuliwa, na katika yote matatu nilimwona Mungu yuleyule. Katika umoja wetu wa akina mama tumeanza kuzungumza mambo haya baada ya ibada, mara moja kwa mwezi. Siku ya kwanza hakuna aliyeuliza swali. Lakini nilipokuwa nafunga mlango, mama mmoja mwenye umri wa miaka 60 alinivuta kanga akanong'ona kwamba anaona damu tangu mwaka uliopita, na hajamwambia mtu. Jumatatu yake nilimsindikiza hospitali. Kama kuna mama kama huyo nyumbani kwako, mvute wewe kanga kwanza. Bwana awatunze.